Mizizi minene safarini: nepenthesi kutoka Nakuru hadi Kisumu na Kakamega

Siku ya 1. Nakuru

Mimea 14 inateremka kutoka Nakuru: 11 itabaki Kisumu, mitatu itaendelea hadi Kakamega. Yote ni nepenthesi, mmea unaoning'iniza vibuyu kwenye ncha za majani yake ili kunasa wadudu. Kinachoihamisha ni baridi ya usiku. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ndani ya banda la neti kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 alfajiri. Mimea 11 kati ya hii ina asili ya Indochina, yaani Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam, ambako mchana joto hupita nyuzi 30 na usiku hauna baridi ya kuuma. Hapa Nakuru haikufa, lakini ilidumaa: jani moja kwa miezi mitatu, na vibuyu vidogo kuliko kidole. Kisumu iko mita 1,131 na usiku wake huwa nyuzi 17 au 18. Nyuzi hizo sita zinatosha.

Mitano ni Nepenthes smilesii. Minne ina kibandiko cha "thorelii". Miwili ni Nepenthes kampotiana. Mitatu iliyobaki ni chotara anayeuzwa kila mahali, Nepenthes × ventrata, ambaye wazazi wake ni wa Ufilipino. Huyo ndiye wa Kakamega. Kibandiko cha thorelii usikiamini haraka. Jina hilo lilitolewa na Lecomte mwaka 1909 kumheshimu Clovis Thorel, daktari na mtaalamu wa mimea Mfaransa, lakini kwa miaka mingi wauzaji wamelibandika kwenye ndugu zake wengi wa Indochina. Kibuyu peke yake kinaweza kukudanganya. Mzizi hauna sababu ya kudanganya, kwa hiyo kazi ya leo ni kuutazama.

Maji yalisimamishwa siku sita kabla. Mchanganyiko uliolowa huwa mzito na hukata mizizi unapoporomoka. Uliokauka kabisa hushikamana na ukuta wa chungu na kuing'oa. Unaotakiwa ni ule ambao ukiufinya kiganjani unashikana bila kutoa tone. Chungu kinalazwa ubavu, kinabonyezwa pande zote, kisha donge zima linasukumwa kwa kidole gumba kupitia tundu la chini. Shina halivutwi kamwe. Ukivuta, shingo, pale shina linapokutana na mzizi, hupasuka kwa ndani bila wewe kuona, na uozo huanzia hapo wiki mbili baadaye.

Chotara alitolewa kwanza, awe kipimo cha kulinganishia. Mizizi yake ni myeusi, myembamba kama uzi wa katani, na imefunikwa vinyweleo vya kahawia. Ikiguswa hukatika. Hii ndiyo mizizi ambayo watu wengi wanaijua kwa nepenthesi, na kanuni inayotokana nayo ni ya kweli: usiioshe, usiichambue, ihamishe pamoja na udongo wake. Mimea hii mitatu ilifungwa hivyo hivyo na donge lake.

Kisha smilesii. Chini ya shingo mizizi imevimba. Mingine ina unene wa penseli, miwili imefikia kidole gumba, na inashuka wima kama muhogo mchanga mpaka igonge chini ya chungu, halafu inajikunja. Ngozi yake ni ya kahawia iliyokolea. Kutoka kwenye huo mzizi mnene inachipuka mizizi myembamba myeusi, sawa kabisa na ile ya chotara. Hapo ndipo makosa mengi huanzia. Mmea huu una mizizi ya aina mbili na kila aina ina kazi yake: myembamba inakunywa, minene inaweka akiba. Mtu akiona unene anadhani mmea ni mgumu kama muhogo na kuutendea hivyo, akiacha ile myembamba ikauke mezani kwa saa nzima. Akiba inabaki, ila mdomo wa kunywea umekufa, na mmea unakaa miezi ukitumia akiba kutengeneza mdomo mwingine.

Unene huo unaelezwa na majira ya kwao. Smilesii, thorelii, kampotiana na ndugu yao Nepenthes holdenii wa milima ya Cardamom huko Kambodia (alipewa jina mwaka 2010) hupitia kiangazi kikali, takriban Novemba hadi Aprili. Nyasi hukauka, moto hupita, na sehemu ya juu ya mmea huungua au kunyauka. Mzizi ulio chini hubaki na maji na wanga, na mvua zinaporudi chipukizi hutoka shingoni. Anayeijua savana yetu ameshaona jambo lile lile: nyasi zinaungua Februari, na wiki chache baada ya mvua ya kwanza ua jekundu la mviringo linatokea kwenye majivu bila jani hata moja, likiendeshwa na kiazi kilichokuwa ardhini muda wote.

Chungu namba 7 kilikuwa pembeni, tayari kwa kutupwa. Smilesii, shina limekauka lote, kahawia hadi sentimita tatu juu ya udongo. Mzizi wake ulijaribiwa kwa njia tatu. Kwanza kuufinya: mgumu, hauingii ndani. Pili kuunusa: harufu ya udongo, hakuna uchachu. Tatu kuukwaruza kwa ukucha kidogo tu, milimita mbili: chini ya ngozi kuna nyama nyeupe yenye unyevu. Mzizi uliokufa hubonyea, hutoa maji ya kahawia na kunuka kama muhogo uliosahaulika kwenye ndoo. Huu haujafa. Namba 7 inasafiri.

Kufunga: karatasi ya gazeti tabaka mbili, sfagnamu (mmea laini kama sifongo unaoshika maji) iliyolowekwa kisha ikakamuliwa kwa nguvu kuzunguka mizizi myembamba tu, halafu gazeti lote linafungwa kwa kamba ya katani bila kukaza. Mzizi mnene uliofungiwa ndani ya plastiki yenye unyevu kwenye joto huanza kuoza kwa siku mbili, gazeti linapumua. Vibuyu vilimwagwa maji yake hadi robo. Vikijaa, kibuyu kinapinduka barabarani, kinavunja kikonyo chake, na mchuzi wa wadudu waliooza unamwagika juu ya mizizi ya jirani.

Siku ya 2. Nakuru hadi Kericho

Tumeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kreti mbili nyuma ya Probox, vioo vikiwa wazi kidogo. Gari lililofungwa likisimama juani hupita nyuzi 45 kabla hujamaliza chai, na majani ya nepenthesi hayavumilii hilo. Kwa hiyo hakuna kusimama juani, hata dakika kumi. Salgaa ilipitwa bila kusimama.

Kuelekea Mau Summit barabara inapanda na ubaridi unaingia. Hapa tishio linageuka: upepo baridi na mkavu kwenye majani yasiyo na mizizi ya kufanya kazi. Gunia jepesi lilitandikwa juu ya kreti, na kwenye mapindo yake kikafungwa kitambaa kibichi. Hilo linatosha kwa saa mbili.

Neno moja kuhusu karatasi, kwa kuwa mtu anayebeba mimea ya ajabu ataulizwa. Nepenthesi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini: karibu zote ziko Kiambatisho cha Pili, na mbili, Nepenthes rajah na Nepenthes khasiana, ziko Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi. Kuziingiza Kenya kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla mmea haujasafirishwa, cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, na hati ya CITES. Miche ya maabara iliyo ndani ya chupa zisizo na vimelea, kwa spishi za Kiambatisho cha Pili, haihitaji hati ya CITES, lakini KEPHIS bado inahusika. Nakala za karatasi hizi zitunzwe pamoja na kibandiko cha kila mmea. Mmea wa Kiambatisho cha Kwanza usio na historia iliyoandikwa haufai kununuliwa kabisa. Mara nyingi umeng'olewa porini.

Kericho tumelala. Mvua imenyesha jioni, kama kawaida ya hapa. Kreti zimelala varandani chini ya paa, mbali na matone. Maji ya mvua yamekingwa, lita 40 kwenye mitungi miwili, baada ya kuacha bati lioshwe kwa dakika 20 za mwanzo. Maji haya yanakwenda Kisumu kwa makusudi. Yale ya visima vya Nakuru yana floraidi na chumvi nyingi za Bonde la Ufa, na ya bomba mjini Kisumu yametiwa dawa. Kipimo cha chumvi kilichoingizwa kwenye maji haya ya Kericho kimesoma 9 ppm, yaani sehemu 9 za chumvi kwa milioni. Chini ya 50 ni salama kwa nepenthesi. Ukipita 100 chumvi hujikusanya chunguni, ncha za mizizi myembamba huungua, na majani huanza kukauka kutoka nchani.

Siku ya 3. Kericho hadi Kisumu

Safari fupi, chai kushoto na kulia, kisha barabara inaporomoka, joto linapanda, na kufikia Awasi kila mtu ameshavua sweta. Ahero, mashamba ya mpunga. Kisumu saa tano.

Kreti zimefunguliwa kivulini. Chotara mmoja amelegea majani. Ile minene yote imesimama kama haijasafiri, na hapo ndipo unaiona akiba ikifanya kazi: majani yanaendelea kupata maji kutoka ndani wakati mizizi ya kunywa haijashika chochote. Mtu asidanganyike na uthabiti huo. Akiba inapungua polepole, na dalili yake haionekani kwenye jani. Inaonekana ukiuminya mzizi wiki tatu baadaye na kuukuta laini kama karoti ya wiki iliyopita.

Mimea haikupandwa leo. Imeachwa ndani ya gazeti, ikanyunyiziwa ukungu wa maji mara mbili, ipate usiku mmoja wa joto la Kisumu kabla ya kuguswa tena.

Siku ya 4. Kisumu

Siku ya kupanda, na ndiyo nzito kuliko zote.

Chombo kwanza. Mzizi unaoshuka wima unataka kina. Vyungu vya maua vya sokoni ni vipana na vifupi, ndiyo maana mizizi ile ya Nakuru ilikuwa imejikunja. Zimetumika ndoo za lita 4 za mafuta ya kupikia, zenye kina cha sentimita 20 hivi, zilizooshwa kwa sabuni na maji moto mpaka kidole kisiteleze. Kila ndoo imetobolewa matundu manane ya milimita 8 chini na manne ubavuni, sentimita mbili kutoka chini. Yale ya ubavuni yana maana yake: ya chini yakizibwa na mizizi, maji husimama pale pale mzizi mnene unapolala, na mzizi mnene hauwezi kuogelea.

Mchanganyiko wa ndoo 11 ni lita 44. Tumeandaa lita 50:

lita 22 za pumisi ya milimita 3 hadi 8
lita 18 za kokopiti (unga wa maganda ya nazi)
lita 6 za mchanga wa mto
lita 4 za makaa yaliyovunjwa ukubwa wa punje ya mahindi

Pumisi ni lile jiwe jepesi la Bonde la Ufa, ambalo mashamba ya maua ya Naivasha hulitumia kupandia. Lipo tele na ni bora kwetu kuliko perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kupandia) ya kuagizwa, maana halielei juu kirahisi kila ukimwagilia. Lichekeche, vumbi lake likiachwa linashuka chini ya ndoo na kuwa saruji. Lioshe mpaka maji yatoke meupe.

Kokopiti ndiyo inayoua zaidi kwa sababu inaonekana safi. Maganda ya nazi hubeba chumvi ya pwani. Matofali mawili ya gramu 650 yamelowekwa kwenye maji ya mvua yakatoa karibu lita 18. Yakalowekwa saa mbili, yakakamuliwa ndani ya gunia, yakarudiwa mara tatu. Maji ya kwanza yalisoma zaidi ya 600 kwenye kipimo. Ya tatu yalisoma 80. Hapo yakafaa. Lita 40 za Kericho hazikutosha kwa uoshaji huu na tumeongeza za tangi la bati. Anayepanga kazi kama hii aweke lita 100.

Mchanga: umeoshwa kwa kukorogwa ndooni mara sita mpaka tope liishe. Halafu kijiko chake kimewekwa kwenye kisahani na kumwagiwa siki. Ukitoa povu una chokaa, na chokaa huondoa uchachu, na nepenthesi hazipendi hilo, maana zinataka udongo wenye uchachu kidogo. Huu haukutoa povu. Mchanga wa ufukwe wenye vipande vya kombe usitumike hata kama umeoshwa siku nzima.

Samadi, mboji ya jikoni na mbolea ya DAP hazimo, hata kijiko kimoja. Mmea huu umejitengenezea vibuyu kwa sababu udongo wa kwao hauna kitu. Ukiuwekea mbolea mizizini, myembamba inaungua kwanza, kisha mnene unaanza kuoza mahali ile myembamba ilipotoka.

Upandaji. Kilima kidogo cha mchanganyiko kimewekwa katikati ya ndoo, mzizi mnene ukasimamishwa juu yake ukielekea chini, mchanganyiko ukamiminwa pembeni na ndoo ikagongwa mezani mara tano, bila kushindilia kwa ngumi. Mzizi uliokwisha kujikunja na kukomaa haunyooshwi, utavunjika. Unaachwa na mkunjo wake, na sehemu mpya itashuka yenyewe.

Shingo ndiyo kipimo cha kina. Ikifukiwa sentimita tatu inaoza kipindi cha maji mengi; ikiachwa juu kabisa jua la Kisumu linaikausha na macho ya kuchipua yanakufa. Imewekwa nusu sentimita chini ya uso, kisha ikatandazwa pumisi tupu ya nusu sentimita juu. Maji yakipita hapo hayakai.

Mmoja wa wale wa "thorelii" ulipotolewa ulionekana una vivimbe vingi vidogo, kama shanga, kwenye mizizi myembamba. Huo si unene wa akiba. Akiba huvimba kuanzia karibu na shingo na hupungua taratibu kuelekea nchani. Vivimbe vya shanga vilivyotawanyika, hasa kwenye mmea uliowahi kukaa kwenye udongo wa bustani, ni vya kushukiwa kuwa vifundo vya minyoo, wale wale wanaodumaza nyanya. Mmea huo umetengwa. Umepandwa peke yake upande wa pili wa uwanja, udongo wake wa zamani ukachomwa, na kisu kikachemshwa dakika kumi. Ubavuni mwa mzizi wa kampotiana mmoja kulikuwa na unga mweupe. Huo ni wadudu wanaofyonza mizizi, wakapanguswa kwa brashi ya meno iliyochovywa kwenye maji ya sabuni kidogo, kisha mzizi ukasuuzwa kwa maji ya mvua.

Siku ya 5. Kisumu, majeraha na maji

Mizizi miwili minene ilipata majeraha njiani. Mmoja ulikuwa umechubuka, huo umeachwa. Mwingine ulivunjika katikati na kuning'inia. Umekatwa kwa wembe ulioungulizwa motoni, mkato mmoja safi juu ya mvunjiko, ukapakwa unga wa mkaa, na mmea ukalazwa kivulini saa 24 na kidonda kikiwa wazi huku mizizi myembamba ikiwa imevikwa sfagnamu mbichi. Kidonda kikavu ndiyo kifuniko. Ukipanda na kidonda kibichi kwenye udongo wenye unyevu, kuvu huingia siku hiyo hiyo.

Kipande kilichokatwa kimetumika kwa jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya. Kikakatwa kipande chembamba kama sarafu, kikadondoshewa iodini ya vidonda kutoka duka la dawa. Kipande cha muhogo kikawekwa kando kwa kulinganisha. Vyote viligeuka bluu iliyokaribia weusi. Ni wanga. Hicho ndicho chakula kinacholipia chipukizi la kwanza baada ya kiangazi, na ndicho kinachofafanua kosa la kuhamisha mmea wakati chipukizi linatoka: akiba imeshatumika juu, ya kutengeneza mizizi mipya haijabaki. Hamisha kabla chipukizi halijaamka, au subiri majani matatu yakomae. Sasa ni mwisho wa Februari, chipukizi bado, na kalenda yetu imelingana vizuri na ya Indochina: kiangazi cha Kisumu cha Desemba hadi Februari kinaangukia ndani ya kile cha kwao.

Kinachobaki cha kile kipande hakipandwi. Macho yako shingoni. Kipande cha mzizi kisicho na shingo usikitegemee kutoa mmea. Vivyo hivyo, tawi lililokatwa likaotesha mizizi huanza na ile myembamba tu. Mwaka wake wa kwanza limwagiliwe kama chotara, bila kuachwa likauke, kwa sababu bado halina ghala.

Maji. Mimea hii 8 iliyopandwa (wenye vifundo una ratiba yake; wenye kidonda na namba 7 bado haijapandwa) imegawanywa kwa kuangalia ukuaji. Yenye ncha inayofunguka jani: maji lita moja kasorobo kwa ndoo, mpaka yatoke chini, halafu hakuna tena mpaka sentimita mbili za juu zikauke. Iliyolala: mililita 200 kila siku 12, zikimwagwa ukingoni mwa ndoo, mbali na shingo. Mzani wa jikoni husaidia kuliko kidole. Pima ndoo baada ya kuchuja maji, andika uzito kwenye kibandiko, na umwagilie tena ikishapungua kama nusu kilo. Kisahani cha maji chini ya ndoo, ambacho kinafaa kwa mimea mingine inayokula wadudu, hapa ni hukumu ya kifo kwa mmea uliolala.

Halafu kuna mvua za jioni za Kisumu, ambazo huja hata miezi ya ukavu, na radi juu. Ukiacha ndoo wazi, ziwa ndilo litakalopanga ratiba yako. Mimea imewekwa chini ya paa la plastiki angavu, neti ya kivuli ya asilimia 50 juu yake, pande zote wazi kwa upepo. Jua la asubuhi hadi saa nne linaingia moja kwa moja. Spishi hizi za savana zinataka mwanga mwingi kuliko ndugu zao wa msituni, na zikinyimwa hutoa majani marefu ya kijani bila vibuyu, na mzizi hauna cha kuweka.

Siku ya 6. Kakamega

Kilomita 50 hivi kwenda kaskazini, na hewa inabadilika. Chotara watatu wamefikishwa. Kakamega iko juu ya mita 1,500, msitu wake ni kipande cha ule wa mvua wa Kongo kilichobaki upande huu wa Afrika, na unyevu wa hewa ndio mizizi myembamba inaoupenda. Hapa hakuna ndoo za kina: vyungu vya sentimita 15, kokopiti nusu na pumisi nusu, donge la zamani likiingia zima. Maji kila baada ya siku mbili au tatu, mwaka mzima, bila kulazwa. Chotara hana ghala. Akikaushwa wiki mbili kama smilesii, hufa kutoka chini.

Kuna desturi ya kuchukua nyuzi za kangaga-mti msituni kwa kupandia. Isifanyike. Unakatwa mti uliochukua miongo kukua, na pumisi inafanya kazi ile ile.

Nepenthesi ya asili haipo Kenya. Zilizo karibu nasi ziko visiwani: Nepenthes madagascariensis na Nepenthes masoalensis za Madagaska, na Nepenthes pervillei inayoota kwenye miamba ya matale ya Ushelisheli. Tulicho nacho porini ni wadogo wao kwa kazi, drosera na utrikularia za maeneo ya tope, na hao waachwe walipo.

Siku ya 7. Kisumu tena

Ukaguzi kabla ya kuikabidhi mimea. Kidonda cha mzizi uliokatwa kimekauka na kuwa kigumu; umepandwa. Kampotiana aliyepanguswa hana unga mpya. Majani mawili ya zamani ya smilesii namba 3 yamegeuka manjano, jambo la kawaida siku za kwanza. Jani jipya likigeuka jeusi shinani ndilo la kutisha, kwa kuwa linaonyesha shingo imeanza kuoza. Hapo mmea unatolewa siku hiyo hiyo, unakatwa hadi nyama safi na kukaushwa.

Chakula hupitia vibuyuni. Mvua za Machi zitaleta kumbikumbi: wang'oe mabawa, mmoja kwa kibuyu kila wiki mbili. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji wanafaa pia, wakikaushwa, kiasi cha robo kijiko cha chai. Kibuyu kikijazwa kupita hapo kinaoza kabla ya kusaga.

Namba 7 imepandwa mwisho, kama mingine, shingo nusu sentimita chini. Shina kavu limekatwa hadi sentimita moja, mkato ukapakwa mkaa. Maji mililita 150 leo, tena baada ya siku 12, na hivyo hivyo wiki 8 hadi 12. Hairuhusiwi kufukuliwa kuangaliwa. Kila ufukuaji unavunja mizizi ya kunywa inayojaribu kuanza. Kukwaruza shingo kwa ukucha mara moja kwa mwezi kunatosha. Nyama ikiwa nyeupe, ratiba inaendelea. Kinundu cha kijani au chekundu kikitokea, maji yanaongezwa hadi mililita 400, na siku ya jani la tatu namba 7 inahamia kwenye ratiba ya mimea inayokua.

Kibandiko chake kimeandikwa tarehe, uzito wa ndoo kilo 2.9, na neno moja kwa herufi kubwa: USITUPE.